Kina cha XBT za zamani nje ya Malindi

Ndugu, umeuliza mbona XBT (vipimajoto vya bahari vinavyotupwa majini kutoka melini na kuachwa vizame) za miaka ya 1980 zinaonyesha joto lilelile mita kadhaa juu kuliko vipimo vya chupa, yaani vya chupa za sampuli zinazoshushwa hadi kina fulani. Kifaa kile hakipimi kina. Kina hukokotolewa kwa sekunde tangu kiguse maji. Mlinganyo wa awali (t ni sekunde hizo, jibu ni mita), 6.472t − 0.00216t², ulikidhania kinazama polepole mno. Wa 1995 ni 6.691t − 0.00225t². Kwa aina za XBT ziitwazo T-4, T-6 na T-7, zidisha kina cha mlinganyo wa awali kwa 1.0336: mita 400 huwa 413. Aina ya T-5 usiiguse. Soma kwanza maelezo ya faili uone kama kina kimesharekebishwa, maana kurekebisha mara mbili ni balaa. Mita nne za juu tupa, kihisi hakijazoea maji. Joto likiruka ghafla, pengine uzi wa shaba unaounganisha kifaa na meli umegusa ubavu wa meli au umekatika. Chini ya hapo usiamini kitu.