Kwa mama aliyekuta msokoto mfukoni mwa mwanawe

Mama mwenzangu, umeuliza ufanye nini baada ya kukuta msokoto wa bangi kwenye suruali ya shule ya mwanao wa kidato cha pili, na baba yake anataka atoke nyumbani akajifunze maisha. Nakuomba sana usikubali. Kwetu Kinondoni tulifanya hivyohivyo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2009 mdogo wangu alikuwa na miaka 16. Shuleni walimkamata na bangi, wakamfukuza siku ileile bila hata kumwita mzazi. Aliporudi, baba akamfungia mlango. Mtoto asiye na shule wala pa kulala aende wapi? Alikwenda maskani, kwa vijana wakubwa waliompa godoro na ugali. Huko ndiko walikomchanganyia unga, yaani heroini, kwenye bangi, ile wanayoiita kokteli, na siku za mwanzo hawakumdai hata shilingi. Siku alipoikosa ndipo alipoijua arosto: miayo haikatiki, makamasi, machozi, tumbo la kuhara, mifupa kama inatwangwa. Tangu hapo hakuvuta kwa raha tena. Alivuta ili aweze kusimama.

Mchana, baba akiwa kazini, alikuwa anakuja kuoga na kula. Ikapotea chupa ya chai, ikafuata pasi, kisha simu ya mama. Nyuma ya choo nilikuwa nafagia vipande vya nailoni vidogo kama ukucha, vimechanwa kwenye fundo. Zilikuwa kete, vile vifuko vya unga. Nilizifagia miezi mingi bila kujua.

Mwaka 2013 mama alimwambia baba, "Akitoka huyu, natoka naye." Tukampeleka hospitali ya Mwananyamala kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini. Huduma hiyo ilianzia Muhimbili mwaka 2011, Mwananyamala ikafuata mwaka uliofuata. Dawa alikuwa anainywa kila siku mbele ya muuguzi, Jumapili na sikukuu zote. Haikumbadilisha kwa wiki moja, hapana. Ilimwondolea arosto, akapata utulivu wa kusikiliza watu. Ila hiyo ni tiba ya waliozama kwenye heroini. Bangi haitibiwi kwa methadoni, na kama mwanao yuko kwenye bangi tu, bado una nafasi ambayo sisi tuliichezea.

Itumie leo. Mpe chakula kwanza, kaeni wawili, umuulize nani alimpa, wanakutana wapi, saa ngapi. Swali la saa lina uzito kuliko unavyodhani. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba yote yalianza kati ya saa nane mchana na magharibi, nyumba ikiwa tupu. Saa hizo zitafutie kazi: mazoezi ya mpira, masomo ya ziada, gereji ya mjomba, mradi awepo mtu mzima anayejua yuko wapi. Shuleni nenda mwenyewe kabla hujaitwa, uonane na mwalimu wa ushauri nasaha. Kumpiga hakutakupa jina la aliyempa.

Baba yake mwonyeshe haya niliyoandika. Baba yetu alikaa karibu mwaka mzima bila kukanyaga kliniki. Siku aliyokwenda hakusema neno. Alikaa kwenye benchi nje, akanunua chungwa, na mdogo wangu alipotoka kunywa dawa akampa nusu.