Maswali na majibu: nyoka wa kufuga, mlo wake na mikono yako

Barua nyingi za safari hii zinahusu nyoka aliyeuma au nyoka aliyegoma kula. Naanza na aliyeuma, maana ndiye anayewanyima watu usingizi.

Nina chatu niliyemlea tangu mdogo, mpole kupita kiasi. Juzi nimefungua kizimba nimbadilishie maji, akanidaka mkono na kujiviringisha. Ameanza ukali?

Hapana, alidhani wewe ni panya. Chatu wengi wana vijishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na ulimi wao hukusanya harufu muda wote. Mkono wenye joto ukiingia ghafla kutoka juu, tena umetoka kushika panya, kwake hicho ni chakula kimefika. Tofauti ni rahisi kuiona: nyoka aliyeogopa huuma, huachia papo hapo na kurudi nyuma. Anayewinda hung'ata, hushikilia na kujiviringisha. Wako alikuwa anawinda.

Basi kwanza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua kizimba, si baada tu. Pili, usimguse kwa mkono kabla hajajua kwamba leo hakuna mlo. Chukua fimbo ya ndoano, au hata karatasi ngumu iliyoviringishwa, umguse taratibu katikati ya mwili, kisha tazama kichwa. Akikigeuza kwa kasi kuelekea mguso, shingo ikajikunja mfano wa herufi S na macho yakaganda hapo, funga kizimba, maji yatasubiri. Akivuta kichwa pembeni au akaanza kutambaa polepole huku ulimi unatoka na kuingia, mnyanyue kwa kumtegemeza chini ya tumbo kwa mikono miwili. Usimshike kichwa wala usimning'inize kwa mkia. Rudia hivyo kila mara, naye atazoea kuwa mguso wa fimbo maana yake si chakula.

Chakula nacho apewe kwa koleo ndefu, kamwe si kwa vidole. Wapo wanaomhamishia nyoka kwenye sanduku jingine kila siku ya mlo, eti asihusishe kizimba na chakula. Mimi sioni faida. Unambeba akiwa na njaa, halafu unambeba tena tumbo limejaa, na hakuna nyakati mbaya zaidi za kumshika nyoka kuliko hizo mbili.

Iwapo ameng'ata na hataki kuachia, usivute. Meno yake yamepinda kuelekea kooni. Ukivuta, utachana ngozi yako na kumng'oa yeye meno. Mwagia kichwa chake maji baridi, au tia tone la spiriti kando ya mdomo, halafu mkunjue kuanzia mkiani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Likiwa la kina, au uwekundu ukianza kuenea, nenda hospitali, na uulizie sindano ya pepopunda. Hayo ni ya nyoka wasio na sumu. Wenye sumu sishauri mtu awafuge nyumbani hata kidogo, na aliyeumwa na nyoka wa sumu akimbizwe hospitali bila kukatwa, kunyonywa wala kufungwa kamba.

Hujataja urefu wa chatu wako. Kama amevuka mita 2.5, asishikwe wala kulishwa na mtu aliye peke yake. Msaidizi awe chumbani humo humo, si sebuleni anaangalia simu.

Nyoka wangu wa mahindi (yule mwembamba asiye na sumu, Kiingereza corn snake) ametapika panya mzima siku ya pili baada ya kula. Nimpe mwingine?

Usimpe. Tumbo lake limepoteza asidi na linahitaji mapumziko: mwekee maji safi, usimshike, na subiri siku 10 hadi 14. Kisha anza na panya mdogo kuliko wa kawaida.

Wakati unasubiri, tafuta sababu. Mara nyingi ni moja kati ya tatu: panya alikuwa mkubwa mno, kizimba kilikuwa baridi, au mtu alimshika mapema. Kipimo cha panya ni unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene zaidi. Baada ya mlo asishikwe kwa saa 48, na kama bado tumbo lina uvimbe unaoonekana, ongeza siku. Joto ndilo linalosahaulika sana. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kuyeyushia chakula, hutegemea la kizimba. Upande mmoja wa nyoka wa mahindi uwe na nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi na upande wa pili uwe na ubaridi kiasi, ili achague mwenyewe. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa kiganja. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Mume wangu huyeyusha panya wa kwenye friza kwa maikrowevu. Mie naona si sawa.

Si sawa kweli. Maikrowevu hupika sehemu na kuacha barafu sehemu nyingine, na wakati mwingine panya hupasuka humo ndani. Tena ni chombo cha chakula chenu! Mtoeni jana yake, mumtie kwenye mfuko usiopitisha maji, alale kwenye friji. Siku ya mlo mfuko uingie kwenye maji ya moto kiasi, si yanayochemka, kwa muda mfupi. Mbonyezeni tumbo kwa kidole: likiwa bado gumu katikati, barafu ipo. Mkausheni, kisha mpeni nyoka kwa koleo. Na msidhani friza huua vijidudu, haiui. Chombo cha kuyeyushia kiwe cha panya tu.

Ni kweli nyoka hupenda maziwa?

Si kweli. Mpe maji.

Chatu wangu, yule mdogo anayejikunja mpira akiogopa, hajala kwa miezi miwili. Rafiki yangu anasema nimwekee panya hai atamshawishi.

Aina hiyo ina sifa ya kugoma kula, hasa majira ya kuzaliana, na chatu aliyekomaa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asidhurike. Mpime kwa mizani kila wiki na uandike. Uzito ukibaki pale pale, tulia. Ukipungua kwa asilimia 10 hivi, au ukiona anahema mdomo wazi, ana makamasi au mdomo umevimba, hapo si mgomo tena bali ni ugonjwa. Angalia pia macho: yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa, anajiandaa kujivua gamba, na wengi hawali hadi wamalize. Kisha kagua maficho. Chatu asiye na pango la kumbana vizuri huwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi hali. Mjaribu kila baada ya siku 10 au 14, jioni, panya akiwa na joto. Kumsumbua kila siku kunazidisha mgomo.

Panya hai mwache. Nyoka asiye na njaa hajitetei, na panya aliyefungiwa naye humtafuna mgongo hadi nyama ionekane.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu huvalishwa nyoka shingoni apigwe picha. Baba yake anasema hana sumu, hivyo hakuna shida. Nakuza mambo?

Bibi, hukuzi. Hata akiwa mdogo, nyoka hukaza akishtuka, na shingoni hapawekwi nyoka yeyote, kwa mtu yeyote. La pili ni salmonela, bakteria inayoleta kuhara na homa: nyoka mwenye afya kabisa anaweza kuibeba na kuitoa kwenye kinyesi, ikabaki kwenye magamba yake na kizimbani. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka 5, wazee na wenye kinga dhaifu, kwa hiyo wewe pia umo. Mtoto atazame kupitia kioo. Mwambie baba yake anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto, na vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni.