Kabla hujalikata anga la Kilimanjaro

Mtu akifungua picha ya Kilimanjaro kwenye simu, vidole hukimbilia kukata. Anga linaondoka, mashamba yanaondoka, na haachi mpaka Kibo, kilele kikuu cha mlima, ijae fremu nzima. Nia ni mlima uonekane mkubwa. Kwa jinsi nionavyo, mara nyingi hapo ndipo unapodogoshwa.

Chukua picha inayopigwa na wengi asubuhi kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi. Mbele kuna majaruba yenye maji, katikati miti na mapaa ya bati, halafu Kibo upande wa kushoto na Mawenzi, kilele cha pili, kulia. Toka kwenye matope yale hadi kilele cha mita 5,895 ni mwinuko wa takriban mita 5,000, na kilele chenyewe kiko zaidi ya kilomita 30 kutoka ulipo. Jicho linauamini ukubwa huo kwa sababu limepewa kipimo: mama aliyeinama akipandikiza miche, paa la nyumba, mti. Ukimkata yule mama pamoja na paa lake, kinachobaki ni tuta lenye weupe kileleni, na tuta linaweza kuwa la ukubwa wowote.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuamua nani asiguswe. Hapa ni yule mama. Nikishamlinda, ndipo naangalia cha kupunguza.

Anga ndilo la kwanza. Likiwa bluu tupu, bila wingu wala ndege, napunguza bila huruma mpaka kilele kikaribie ukingo wa juu. Picha inakuwa nzito ghafla. Mlima unakuja juu yako. Ila ukifanya kinyume, ukaacha anga kubwa na kupunguza majaruba, mlima uleule unatulia chini, na mtazamaji anapata hisia ya ukimya na upweke. Faili ni moja, lakini hizo ni asubuhi mbili tofauti. Wale wa kanuni ya theluthi, ya kuigawa picha mafungu matatu sawa, watakwambia upeo wa macho usikae katikati. Sawa, ni pa kuanzia, lakini majaruba yakiwa yametulia na mlima ukajiona majini, mimi upeo huo nauweka katikati kabisa na sioni haya.

Mawenzi ndiyo inayonisumbua zaidi. Ukiiacha ndani, picha lazima iwe pana: jicho linatoka Kibo, linashuka kwenye tandiko, yaani uwanda ulio kati yao, linapanda tena kwenye yale majabali yaliyochongoka. Ni mwendo wa taratibu, na picha pana kwa kawaida huwa tulivu. Ukiitoa, unaweza kukata wima, toka maji ya jaruba hadi barafu, na hapo hisia inayotawala ni urefu. Kinachoharibu ni kuacha nusu ya Mawenzi ukingoni. Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo mpaka akachapwa, ndiyo maana ana sura ile iliyovunjikavunjika. Sasa wewe usimchape mara ya pili. Aingie mzima au abaki nje.

Kitu kimoja watu hukichanganya: kukata picha si kusogea. Ukipiga kwa lenzi ya milimita 24, kisha ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, unapata mwonekano wa lenzi ya milimita 48 kutoka palepale uliposimama. Mama na mlima vimekua pamoja; uhusiano wao haujabadilika hata kidogo. Ukitaka mlima umfunike mama kwa ukubwa, rudi nyuma umwache mbali, kisha tumia lenzi ndefu, ile inayovuta vya mbali. Kompyuta haikufanyii hilo kwa kukata. Isitoshe, katika ukataji huo kamera ya megapikseli 24 inakuachia 6 tu. Kwa skrini ya simu zinatosha na kubaki, kwa picha ya ukutani utaanza kuona ukungu.

Kukata wima kuna nafuu kidogo. Faili la pikseli 6,000 kwa 4,000 likikatwa kwa uwiano wa 4 kwa 5 linabaki 3,200 kwa 4,000, ambalo kwa nukta 300 kwa inchi linachapika vizuri kwa inchi 8 kwa 10 na ziada.

Kingo sisemi sana: waya wa umeme, tawi lisilo na mti, gurudumu la bodaboda lisilo na bodaboda, vyote vitoke. Zungusha macho pande zote nne kabla ya kuhifadhi, na hifadhi nakala, faili la awali liachwe kama lilivyo.

Tatizo linalokuja wakati kazi umeshaimaliza ni la kuchapisha. Kamera nyingi hutoa uwiano wa 3 kwa 2, ambao unaingia sawasawa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Mteja akitaka 8 kwa 10, picha yako ikijaza zile inchi 8 za kimo inakuwa na upana wa 12, na inchi mbili lazima zianguke. Usipoamua wewe, ataamua kijana wa pale kwenye mashine, na kwa picha ya Mabogini atakayeumia kwa kawaida ni Mawenzi, kwa kuwa iko pembeni. Ukijua mapema kwamba picha inakwenda kwenye fremu ya aina hiyo, acha nafasi kushoto na kulia unapopiga. Kama umeshapiga na imebana, mwambie asikate chochote: achapishe picha nzima kwenye karatasi hiyo, ukingo mweupe ubaki juu na chini.