Jibu: Mume ana TB, je, nimtengee vyombo?

Pole sana dada, na umpe pole shemeji. Sahani na vikombe usimtengee, muendelee kula pamoja. Kifua kikuu husambaa kwa hewa: mgonjwa wa mapafu akikohoa, vimelea hubaki vikielea chumbani. Fungua madirisha mchana kutwa, naye avae barakoa wiki hizi za mwanzo.

Lililonishtua ni kwamba watoto bado hawajapimwa. Wapeleke kesho, hasa huyo wa miaka 3. Chini ya miaka 5 ugonjwa huenda kasi mwilini, huweza kufika hadi kwenye utando wa ubongo. Akikutwa hana, ataanzishiwa dawa za kinga. Wewe nawe unakohoa, toa makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa 2, na huonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

Ule mkojo wa mumeo wa rangi ya chungwa uliouliza unatokana na rifampisini hiyohiyo, asiogope. Tiba ya kawaida ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Atajisikia mzima mapema, na hapo ndipo wengi huacha. Tafadhali, mhesabie vidonge kila siku.