Dada, Kabla Hujaomba Umalenga wa Mji

Jumatatu iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji, dada wa Kirundi anayeishi Marekani. Mji wake unatafuta malenga wa mji, naye anataka kuomba. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, barua ya maombi niiandikeje?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Saa saba za usiku bado nilikuwa naandika, kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe niliomba nafasi kama hiyo hapa Uholanzi, nikaikosa, na bado inaniuma.

Kazi yenyewe mnaijua. Baraza la mji au maktaba humchagua mshairi mmoja, humpa posho kidogo, naye huutungia mji kwa miaka miwili mitatu: daraja likifunguliwa, shule ikitimiza miaka mia, moto ukiunguza nyumba za watu. San Francisco walimteua Lawrence Ferlinghetti mwaka 1998, Glasgow wakamteua Edwin Morgan mwaka 1999. Hapa Uholanzi, Groningen wakamteua Bart FM Droog mwaka 2002. Mwaka uliofuata jirani zetu wa Antwerpen, Ubelgiji, wakamchagua Tom Lanoye, na shairi lake moja, ambamo mnara wa Boerentoren unalitongoza kanisa kuu la mji, likatundikwa kwenye mnara wenyewe.

Niliposikia habari ya shairi lile mnarani, nilitaka na langu litundikwe hivyo. Nasema kweli tupu.

Nimezaliwa Tanga, Ngamiani. Babu yangu alikuwa akiwatungia watu: mashairi ya harusi, ya kumuaga aendaye Hija, ya kumuomba radhi mke aliyerudi kwao. Hakuna aliyempa cheo. Watu walipiga hodi, wakaketi barazani, wakaeleza shida yao, naye akawasikiliza mpaka wamalize ndipo aulize kalamu iko wapi. Mimi kwake nilijifunza vina na mizani. Kule kusikiliza sikukuona kuwa ni sehemu ya kazi.

Sasa sikia. Droog huyohuyo wa Groningen alianzisha desturi nyingine: mtu akifa hana ndugu wala rafiki, akazikwa na mji, mshairi huenda makaburini kumsomea shairi alilotungiwa yeye peke yake. F. Starik aliipeleka desturi hiyo Amsterdam, akaisimamia mpaka alipofariki mwaka 2018. Wenyewe huyaita mazishi ya upweke. Kwetu pwani hata mgeni asiyejulikana atokako hupata mabega ya kumbeba, kwa hiyo mara ya kwanza kusikia nilishikwa na huzuni, kisha nikawaheshimu sana watu hawa.

Miaka mitatu iliyopita baraza la mji ninaoishi lilinipigia simu. Amefariki mzee, aliwahi kuwa baharia, karatasi zake zinaonyesha alizaliwa Tanga. Je, naweza kumtungia? Wakanitumia orodha ya vilivyokutwa chumbani: redio, rozari, na picha ya kifaa ambacho hawakukijua. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi.

Nilikaa siku tatu nikatunga beti kumi na nne, tarbia safi, kina cha kati na cha mwisho vimekaa sawasawa. Niliimba bahari, nikaimba pepo za kusi na kaskazi, nikaimba majahazi. Siku ya maziko tulikuwa wabebaji wanne, mtumishi mmoja wa baraza, na mimi. Beti ya sita mtumishi akatazama saa, kwani maiti mwingine alikuwa anasubiri. Beti ya tisa nikakatisha. Tulipokuwa tunatoka akaniuliza kwa upole, "Kile kigoda chenye chuma cha meno, kinatumikaje?" Nikamweleza: unakikalia, unakuna nazi, unakamua tui. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi alikuwa akijipikia."

Nililia ndani ya basi mpaka nyumbani. Mtu asiyejua neno moja la Kiswahili alikuwa amemwona yule mzee, na mimi mtu wa kwao nisimwone. Usiku ule nikatunga beti tatu tu, na Jumapili nikarudi peke yangu kaburini kumsomea. Ya kwanza ni hii:

Mbuzi ya nazi ni yako, chumbani wameikuta,
Ulikuna peke yako, tui zito ukipata,
Jirani wa huko kwako, harufu ikampita,
Leo mimi ndugu yako, nimekuja kukuita.

Ungedhani nimekwisha kujifunza. Nilipoomba umalenga, niliambatisha zile beti kumi na nne. Nilitaka waone ufundi. Kwenye usaili waliniuliza nimefanya nini na watu wa mji ule, nikawatajia mashindano niliyoshinda. Mmoja akauliza kama Kiswahili kina mashairi ya kuandikwa. Nilimjibu kwamba Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliutungia mji wa Mombasa vita vyake na mambo yake ya nyumbani, na kwamba mashairi yake tunayo mpaka leo. Swali hilo sijalisamehe. Lakini lile la kwanza lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu.

Kwa hiyo dada, barua ni ukurasa mmoja, usiihangaikie. Kwanza tumwa na watu. Nenda kliniki, nenda kwa wazee, nenda shule ambako watoto wa Kirundi wanajifunza lugha ya tatu, waulize wanataka kutungiwa nini, na usitoe kalamu mpaka wamalize kusema. Mtazame Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, imamu aliyezaliwa mwaka 1952: tangu ujana wake ametunga juu ya yale yanayowakabili watu wa mji wake, hata uchaguzi wa 1975. Nenda ukatumwe, narudia, maana najua utaisoma sentensi hii kisha ukimbilie kupanga vina vyako kama nilivyofanya mimi. Tunapenda kupigiwa makofi, sote. Mji una watu wanaokufa na mbuzi zao za nazi hazijulikani ni za nini, nasi tunagombea minara.

Ukiandika barua, ambatisha shairi moja fupi ulilotumwa na mtu, ueleze ni nani na alitaka nini. Wakikuita kwenye usaili, lisome kwa Kirundi kwanza, tafsiri ifuate.

Mimi nitaomba tena mwakani. Kwa sasa nina kinyozi wa Kisyria aliyefungua duka mtaani kwetu, anataka beti mbili za kubandika kwenye kioo. Nimekwenda kukaa kwake mara mbili, na kesho nakwenda tena, kwa sababu bado hajaniambia jina la duka alilokuwa nalo kwao.