Nyungunyungu, biwi na maji ya chupa: majibu kwa wenye bustani

Barua zilizonifikia tangu mvua za vuli zianze ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na nyingi kati ya hizo zinauliza bei ya nyungunyungu kabla ya kuuliza nyungunyungu hao watakula nini. Nimechagua zile zinazogusa makosa ninayoyaona kila ninapotembelea bustani za watu. Aliyeniandikia tena kuuliza tofauti kati ya mboji na samadi anisamehe kwa kutomjibu, kwa kuwa nimekwisha kulieleza jambo hilo mara tatu mwaka huu.

*Nina bustani ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita. Nimeambiwa kilo moja ya minyoo ya mbolea inauzwa bei kubwa. Ninunue kiasi gani kwa kuanzia?* (Msomaji, Mbagala)

Usinunue hata mmoja kwa sasa. Nyungunyungu, ndio hao unaowaita minyoo ya mbolea, ni mifugo, na hakuna mfugaji anayenunua ng'ombe kabla hajajua majani yatatoka wapi. Unachohitaji kwanza ni biwi, yaani lundo la kuozeshea taka, tena biwi lililopangwa, si jaa la kutupia kila kitu. Chagua pembe yenye kivuli, upange tabaka za vitu vikavu, yaani majani ya mwembe yaliyoanguka, mabua, majani ya mgomba yaliyokauka na maboksi yaliyochanwa, ukizipishanisha na tabaka za vitu vibichi kama maganda ya jikoni, magugu ambayo hayajatoa mbegu na samadi ya ng'ombe au mbuzi. Kwa makisio ya macho, vikavu viwe ndoo mbili hadi tatu kwa kila ndoo moja ya vibichi, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Naitrojeni ikizidi, biwi hunuka na jirani hulalamika. Kaboni ikizidi, biwi hukaa miezi na miezi majani yakiwa vilevile.

Ukubwa nao una maana yake. Biwi lisilofika mita moja kwa urefu, upana na kimo halishiki joto. Likifika hapo, na likiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, joto la katikati hupanda hadi nyuzi 55 au 65 ndani ya siku chache, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Chomeka fimbo katikati, iache dakika kumi, kisha ichomoe na uishike. Ikikulazimisha kuondoa mkono, biwi linafanya kazi. Ikitoka baridi na kavu, mwagia maji na uligeuze. Ligeuze kila wiki, na baada ya miezi mitatu au minne utapata mboji ya kutia ndoo moja ya lita 20 katika kila mita mbili za mraba za matuta yako, bila kumlipa mtu yeyote. Nyungunyungu waje baadaye, ukiwa umezoea kutenganisha taka jikoni kila siku.

Nitasema na jambo ambalo hukuniuliza. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, naona watu wakifagia majani makavu vizuri kabisa, wakiyakusanya, kisha wakiyatia kiberiti. Karibu kaboni yote na naitrojeni yote vinaondoka na moshi, yanabaki majivu kidogo, na mwezi unaofuata mtu huyohuyo anakwenda kununua mbolea. Udongo wa Dar es Salaam sehemu nyingi ni mchanga usioshika maji wala rutuba. Majani hayo ndiyo yangeufanya uwe udongo wa bustani, na kuyachoma ni hasara ninayoumia kuiona.

*Nikimkata nyungunyungu vipande viwili, si nitapata wawili?* (Wasomaji saba, kwa maneno tofauti)

Hapana. Kipande chenye kichwa kinaweza kupona na kuota mkia mpya. Kipande cha mkia hufa. Anayetaka nyungunyungu wengi awape chakula na utulivu, kwa maana kifuko kimoja cha mayai ya nyungunyungu mwekundu huangua watoto kadhaa baada ya wiki tatu hivi. Naomba swali hili lisiletwe tena.

*Mume wangu ameleta sanduku la minyoo nyumbani na watoto wangu wadogo wanachezea pale. Je, hawataambukizwa minyoo ya tumbo?* (Mama Wawili, Morogoro)

Dada yangu, hofu yako inatokana na neno «minyoo», na wauzaji ndio wanaolieneza. Minyoo ya tumbo ni tegu, mchango na safura, nayo huishi kwa kumnyonya binadamu au mnyama. Nyungunyungu huishi kwenye udongo na majani yanayooza, na hawezi kuishi ndani ya mwili wa mtu. Lugha yetu imempa jina lake mwenyewe, kwa hiyo tumwite hivyo ili watu wasichanganyikiwe.

Hatari ya kweli iko kwingine. Ukikuta mtu anatia kinyesi cha mbwa au cha paka kwenye sanduku au kwenye biwi la mboga, mzuie, kwa sababu humo ndimo mnamoweza kuwa na mayai ya minyoo na vimelea vinavyodhuru watoto na wajawazito. Samadi mbichi nayo isiguse mboga zinazoliwa bila kupikwa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka bustanini, iwe kuna sanduku au hakuna.

*Nilinunua chupa ya lita moja ya maji ya minyoo, muuzaji akaniambia inachukua nafasi ya mbolea zote. Nimenyunyizia nyanya zangu wiki tano na majani ya chini yamezidi kuwa ya njano. Nimekosea wapi?* (Mkulima, Kiambu)

Ulikosea kuamini kwamba lita moja ya maji inaweza kulisha shamba. Sikulaumu wewe peke yako, kwani chupa hizo zimejaa kila mahali na maneno yanayoandikwa juu yake yananikera kwa muda mrefu.

Tuanze na hesabu. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Mboji ya nyungunyungu iliyo kavu, tena iliyo nzuri, huwa na asilimia moja hadi mbili. Maji yanayochuruzika chini ya sanduku la nyungunyungu, ndiyo hayo ya chupa yako, yana kiasi kidogo zaidi ya hapo, nacho hubadilika kila siku kulingana na kilichotiwa juu. Nyanya inapoanza kuzaa huhitaji naitrojeni na potasiamu kwa wingi, na isipoipata naitrojeni ardhini huinyang'anya majani yake ya chini ili kulisha machipukizi ya juu. Umanjano unaouona waweza kabisa kuwa njaa hiyo. Chimba pembeni ya mashina, usiguse mizizi, tia mboji iliyoiva vizuri, funika kwa matandazo, na ukiona hali ni mbaya weka CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kiasi kidogo kwa kufuata vipimo. Mimi si adui wa mbolea ya chumvichumvi. Ninachokipinga ni mtu kuitegemea hiyo peke yake huku udongo wake ukibaki vumbi.

La pili ni usalama. Maji yanayochuruzika yamepita kwenye maganda na mabaki ambayo hayajaoza, kwa hiyo yanaweza kubeba vijidudu vya magonjwa, nawe unayanyunyizia kwenye tunda litakaloliwa bichi kwenye kachumbari. Aidha, sanduku linalochuruzika kila siku ni sanduku lenye maji kupita kiasi, na mwenye nalo anapaswa kuongeza makaratasi na majani makavu badala ya kuweka chupa chini na kusherehekea. Anayetaka maji ya mboji atumie mboji iliyoiva: sehemu moja kwa sehemu kumi za maji safi, akoroge, achuje na amwagie kwenye udongo siku hiyohiyo.

Mboji ya nyungunyungu ina thamani kubwa mahali pake, na mahali pake hasa ni kitaluni. Ukichanganya sehemu moja hadi mbili za mboji hiyo katika kila sehemu kumi za udongo wa miche, utaona mizizi mingi, miche imara na udongo unaoshika maji. Usijaze mfuko mzima kwa mboji tupu ukidhani utafaidi zaidi, kwa kuwa chumvi zikizidi mbegu hushindwa kuota na miche hudumaa. Nami mwenyewe niliwahi kununua gunia kwa bei ya kuumiza, nikalifungua nyumbani na kukuta udongo mweusi uliochekechwa pamoja na vumbi la mbao. Tangu siku hiyo sinunui bila kutia mkono ndani ya gunia. Mboji ya kweli ina chembechembe ndogo laini, hainuki, na mara nyingi utakutana humo na vifuko vya mayai vyenye rangi ya hudhurungi, vidogo kuliko punje ya mchele.

*Huku kwetu Jambiani makumbi ya nazi ni mengi. Je, yanafaa kuwa matandiko ya nyungunyungu? Na machicha ya nazi je?* (Bi. K., Unguja)

Makumbi yanafaa sana, lakini unajua kuliko mimi kwamba yale ya kusokotea kamba hufukiwa pwani miezi mingi ndani ya maji ya bahari. Usumba, yaani nyuzi zinazotoka humo, umejaa chumvi, na ngozi ya nyungunyungu, ambayo ndiyo anayopumulia, haivumilii chumvi hata kidogo. Loweka usumba kwenye maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, uyamwage, uloweke tena, na urudie mpaka maji ukiyaonja yasiwe na ladha. Hata makumbi ambayo hayajafika pwani yaloweke na uyakatekate, kwa sababu yanatoa maji makali ya rangi ya chai. Baada ya hapo utakuwa na matandiko yanayoshika unyevu kuliko karatasi yoyote. Mwani uliookotwa ufukweni nao uoshe vivyo hivyo.

Machicha yapeleke kwenye biwi, tena katikati kabisa. Yana mafuta, na ndani ya sanduku huchacha na kuita panya na sisimizi.

Kwa joto la kwenu kuna onyo jingine. Nyungunyungu mwekundu, huyu anayeuzwa zaidi, hustawi kati ya nyuzi joto 15 na 25, na hufa zinapokaribia 35. Sanduku la bati lililowekwa juani mwezi wa Februari humpika. Tumia mbao au chungu, uweke chini ya mti, ufunike kwa gunia la katani lililoloweshwa. Yuko pia nyungunyungu mkubwa mwenye asili ya Afrika Magharibi, anayevumilia joto vizuri zaidi. Huyo ndiye ningemtafuta mimi kama ningeishi Jambiani, na nisingempeleka Njombe, kwa sababu baridi humuua.

*Siafu wamemaliza sanduku langu usiku mmoja.* (Msomaji, Muheza)

Pole sana. Weka sanduku juu ya miguu, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji yaliyotiwa mafuta kidogo. Usinyunyize dawa ya unga karibu na sanduku, kwani itamaliza waliosalia.

*Nyanya zangu zinaoza kitako ingawa nafukia maganda ya mayai kila wiki.* (Msomaji, Nakuru)

Maganda mazima hukaa ardhini miaka. Yasage yawe unga ndipo yafae, na hata hivyo yatafanya kazi polepole. Kitako cha nyanya huoza kwa sababu kalisiamu haikufika kwenye tunda, na mara nyingi kalisiamu imo udongoni ila maji ya kuisafirisha yanakuja kwa kubahatisha: leo mafuriko, kisha siku nne ukame. Mwagilia kwa ratiba na utandaze majani makavu juu ya tuta.

*Nimestaafu ualimu, sasa nalima. Wazee wetu hawakufuga nyungunyungu wala kupima joto la biwi, na walivuna. Kwa nini mnatuletea mambo ya kizungu?* (Mwalimu mstaafu, Mbinga)

Shikamoo, mwalimu. Barua yako imenifurahisha, kwa kuwa inatoka Umatengo, ambako hoja yako inapata jibu shambani kwako. Wamatengo hufyeka nyasi, huziacha zikauke, huzipanga kama miraba juu ya mteremko, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika. Hiyo ndiyo ngolo, na nyasi zinazooza chini ya yale matuta ndizo mboji, iliyotengenezwa palepale itakapotumika. Shimo huzuia maji yasikimbie na udongo, maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu mwingine. Nyungunyungu hawakununuliwa, walikuja wenyewe kwa sababu walitandikiwa meza.

Hata Mwingereza Albert Howard, mtaalamu wa kilimo ambaye njia yake ya biwi la tabaka ilienea hadi mashamba ya kahawa ya Kenya katika miaka ya 1930, aliitengeneza huko Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, akitumia maarifa ya wakulima wa Kihindi na wa Kichina. Kwa hiyo, mwalimu, tukikuonyesha biwi hatukuletei kitu kigeni. Ombi langu ni kwamba vijana wa Mbinga wanaoiacha ngolo kwa uzito wa kazi yake wasiachwe bila kufundishwa njia nyingine ya kurudisha majani ardhini.

*Nilitia samadi ya kuku wa nyama kwenye sanduku, asubuhi nikakuta nyungunyungu wamepanda kutani na wengine wamekufa. Nifanye nini sasa?* (Msomaji, Arusha)

Ondoa samadi yote leo, si kesho. Samadi mbichi ya kuku hutoa amonia na joto, na vyote viwili huua. Ipeleke kwenye biwi ikae miezi miwili au zaidi kabla ya kumpa nyungunyungu. Vilevile, ukitumia ya ng'ombe au mbuzi, muulize mfugaji kama wamenyweshwa dawa ya minyoo karibuni, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi na kuwadhuru nyungunyungu pia. Watandikie waliobaki karatasi zilizoloweshwa, uwashe taa juu ya sanduku usiku wa kwanza ili wasipande tena, na usiwape chakula kipya mpaka uone wameshuka na kutulia chini.