Betri ya friji ya kambi imekufa ndani ya miezi mitano. Ninunue ipi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni dereva mwongoza watalii hapa Arusha. Safari zangu ni za mahema, tunalala siku tatu au nne kati ya Tarangire, Serengeti na Ngorongoro. Nyuma ya Land Cruiser nina friji ya lita 40, taa tatu za LED na sehemu ya kuchajia simu na kamera za wageni. Nilifunga N70 mpya kwa ajili ya vitu hivyo tu, na miezi mitano haikufika salama. Fundi mmoja ananiambia nimwage asidi niweke mpya, mwingine ninunue betri ya sola, wa tatu anasema lithiamu. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama, kaka, na pole kwa hasara. La asidi liache kabisa.

N70 ni betri ya kuwashia injini. Mabamba yake ya risasi ni membamba na mengi, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache za stata, kisha alteneta irudishe kilichotoka. Wewe umeipa kazi ya kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Kila iliposhuka sana, mabamba yalivaa salfeti, na ilipokaa hivyo bila kujazwa, salfeti ile ikawa ganda gumu lisilopitisha umeme. Asidi mpya hailiyeyushi ganda hilo. Inazidi tu kuyala mabamba yaliyobaki.

Betri ya sola, ile wauzaji wanayoiita dipu saiko, ni risasi vilevile ila mabamba yake ni mazito na yanavumilia kushuka na kupanda. Lakini nayo ina mpaka wake: ukitaka idumu, usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya hesabu. Friji kama yako huvuta ampea 4 hivi kompresa inapofanya kazi, na kwenye joto la Tarangire hesabu saa 10 kati ya 24. Hizo ni ampea-saa 40. Taa tatu za wati 6 kwa saa tano ni kama 8. Simu na kamera, weka 10. Jumla inakaribia 60 kwa siku. Betri ya risasi ya 100 inakupa 50 tu za kutumia bila kuiumiza. Siku gari likilala kambini bila kutembea, umeshavuka.

Ukiweza kumudu, nunua lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 100. Unaweza kutumia 80 bila wasiwasi, ina uzito wa kilo 12 hivi, na inarudia kujazwa na kutumika mara elfu mbili au zaidi. Mfuko ukikataa, chukua AGM mbili za 100 (betri za risasi zilizofungwa, zisizoongezwa maji), za aina moja na zilizonunuliwa siku moja, uzifunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Usifunge mpya na kuukuu pamoja, kwa sababu kuukuu itaivuta mpya. Zile za kuongeza maji ni nzuri nyumbani, ila kwa mitikisiko ya barabara zetu za hifadhi sizipendi ndani ya gari: zinamwaga, na zinatoa hewa ya hidrojeni mahali ambapo wageni wamekaa.

Dukani, beba mizani. AGM ya kweli ya 100 ina kilo 28 hadi 32, maana risasi haina njia ya kujificha. Niliwahi kumsindikiza mteja, tukaipima betri iliyoandikwa 100 kwenye mizani ya muuza mahindi jirani, ikasoma 17. Tuliiacha palepale. Soma pia herufi ndogo: C20 maana yake ujazo umepimwa kwa kutumia betri kwa saa 20. Ikiandikwa C100, namba imepimwa kwa matumizi ya polepole mno, kwa hiyo itaonekana kubwa kuliko utakachopata. Mwisho pima volti. AGM iliyojaa na kutulia husoma 12.7 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa sana rafuni, mwachie mwenye duka.

Sasa kuchaji, na hapa ndipo betri nyingi za magari ya safari zinapofia. Waya mwembamba kutoka mbele hadi buti unakula volti njiani, betri haifiki 14.4 inayohitaji, inabaki haijajaa kila siku. Tumia waya wa milimita mraba 16 au zaidi, na fyuzi karibu na temino ya kila betri. Kati ya betri ya injini na ya kambi weka chaja ya DC kwenda DC ya ampea 20 hadi 30, yaani kifaa kinachochukua umeme wa upande wa injini na kuujaza kwa kipimo kwenye betri ya kambi. Kwa lithiamu hili ni lazima: ikifungwa moja kwa moja inavuta umeme mwingi kiasi cha kuunguza alteneta. Risasi nayo ina tabia yake, asilimia 20 za mwisho huingia taratibu kwa saa kadhaa, na mizunguko ya asubuhi ya kutafuta simba haitoshi. Paneli ya wati 150 juu ya paa itakamilisha kazi hiyo gari likiwa limeegeshwa juani.

Betri isikae chumba cha injini; kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya risasi kwa karibu nusu. Simu zichajiwe kwa soketi ya USB ya volti 12, si kwa inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo hula umeme hata isipokuwa na kazi. Friji yako ikiwa na swichi ya kujizima volti zikishuka, iweke ngazi ya juu kabisa. Kwa betri ya risasi, ukiona volti 12.2 asubuhi kabla ya kuwasha chochote, ujue uko nusu, jaza siku hiyohiyo.

Masika yakifika na wageni wakapungua, jaza AGM hadi mwisho, toa waya wa hasi, iweke mahali penye kivuli, kisha uipime kila mwezi na kuirudishia chaji ikishuka chini ya 12.5. Lithiamu fanya kinyume: iache nusu, izimwe, wala usiihangaikie hadi Juni.